Kuandaa na Kutunza Tangi la Samaki Lenye Mimea Hai

Mwongozo huu unamfaa anayeanza na tangi la lita 60 hivi la maji yasiyo na chumvi, nao umejengwa juu ya kanuni moja: mimea hutangulia, samaki hufuata maji yakishakomaa.

Hatua ya 1: Mahali. Maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 60, kabla ya kuhesabu kioo na mawe, kwa hiyo tangi likae juu ya meza imara iliyo sawa, mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa kuwa jua hustawisha mwani.

Hatua ya 2: Mchanga. Uoshe kwa maji matupu, bila sabuni, kisha utandaze kwa kina cha sentimita 5 hadi 7. Kwa kuwa mchanga hauna rutuba, fukia tembe za mbolea ya mimea ya majini karibu na mizizi ya Cryptocoryne na Vallisneria.

Hatua ya 3: Kupanda. Panda mingi tangu siku ya kwanza, hasa inayokua haraka, kwani ndiyo inayounyima mwani virutubisho. Anubias ina shina nene linalotambaa, nalo likifukiwa huoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha gogo. Cryptocoryne huweza kupukutisha majani yote baada ya kuhamishwa. Tafadhali usiing'oe, kwa maana mizizi ikiwa hai itachipua tena.

Mimina maji polepole juu ya sahani ili mchanga usitibuke, na uyatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza maji wazi huweza kuondoa klorini, lakini kloramini, ambayo baadhi ya mamlaka za maji huitumia badala ya klorini, haitoki kwa njia hiyo.

Hatua ya 4: Kukomaza maji. Hapa ndipo subira inapohitajika kuliko penginepo. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa na mimea huitumia kama chakula. Bakteria hao hujijenga kwenye sponji ya chujio na kwenye mchanga kwa muda wa wiki 4 hadi 6 hivi. Acha chujio lifanye kazi usiku na mchana, dondosha chembe chache za chakula cha samaki ili zioze, na upime maji mara kwa mara. Amonia na nitriti zikipanda kisha zikarudi sifuri, na nitrati ikaonekana, ingiza samaki wachache, wengine wafuate baadaye.

Hatua ya 5: Matunzo. Washa taa kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Mwani ukizidi, punguza kwanza muda huo kabla ya kufikiria dawa yoyote. Kila wiki badilisha robo ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangini, ambalo kwa samaki wengi wa tropiki ni nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi, na uondoe majani yanayooza. Sponji ya chujio ikamuliwe ndani ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, kwani klorini huua bakteria uliowasubiri kwa wiki nyingi.