Somo: Mguu Utue Wapi Unapokimbia

Wapendwa, poleni na mazoezi. Kila tunapojiandaa na Kilimanjaro Marathon swali linalorudi ni lile lile: nitue kwa kisigino au kwa vidole? Mimi nawaomba muanze na lingine: mguu unatua mbali kiasi gani na mwili? Ukiurusha mbele sana ya nyonga huku goti limenyooka, kila hatua unajifungia breki, na wanaoumia ni goti na ugoko.

Hatua ya kwanza: jitazame. Tafuta kipande tambarare, mwenzako akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa goti. Pita mara kadhaa mpaka usahau kwamba unarekodiwa. Kisha simamisha video pale mguu unapogusa ardhi tu. Ugoko ukiwa karibu wima na goti limekunjika kidogo, uko vizuri. Ukiona ugoko umelala nyuma na vidole vinatazama juu, unarusha mguu mbali. Huna wa kukurekodi? Kimbia kwenye njia ya vumbi, urudi uangalie alama zako. Kisigino kilichochimba na kuburuza udongo kuelekea mbele kinakuambia yote.

Hatua ya pili: fupisha hatua, ongeza idadi. Hesabu hatua za miguu yote miwili kwa dakika moja ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida. Ukipata 156, lenga 164, yaani nyongeza ya asilimia 5 hivi, bila kuongeza kasi. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanaongeza hatua na mbio zinapanda, pumzi inakata, wanaacha. Ile hesabu ya hatua 180 kwa dakika mnayoisikia ilitokana na kocha Jack Daniels kuwahesabu wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, watu waliokuwa kwenye mashindano. Usijilazimishe nayo kwenye mbio zako za asubuhi.

Hatua ya tatu: mwili. Simama wima, egemea mbele kidogo kuanzia kwenye kifundo cha mguu, usikunje kiuno. Legeza mabega, mikono isikatize kifua.

Hatua ya nne: mteremko. Hapa naomba mnisikilize sana. Barabara ya Mweka, ile inayopanda kutoka Moshi kuelekea mlimani, inawafundisha watu kupanda, lakini magoti yanaharibikia kwenye kushuka. Mtu akiona mteremko anaogopa, anaegemea nyuma na kutanguliza kisigino, na uzito wote unaangukia kwenye goti lililonyooka. Fanya kinyume: hatua ziwe fupi na za haraka kuliko kwenye tambarare, goti likunjike, kifua kisibaki nyuma ya nyonga. Sikiliza miguu. Ikipiga lami kwa kishindo, fupisha tena. Anza na kipande kifupi cha mteremko mdogo, upande ukitembea, urudie. Mweka nzima isubiri.

Sasa kisigino na vidole. Kutua kwa kisigino kunapeleka mzigo zaidi kwenye goti. Kutua kwa mbele kunauhamishia kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Mzigo haupotei. Hata Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, waliozoea kwenda pekupeku, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliona wengi wao wakitua kwa kisigino wanapokimbia taratibu. Wala msimwige Mtanzania mwenzetu wa marathoni, Alphonce Simbu, kwa kuangalia video. Alipotwaa dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, alikuwa anakata kilomita kwa dakika 3 na sekunde chache. Mwendo wa dakika 7 kwa kilomita una utuaji wake.

Maswali ya wanachama

*Kocha, nimeanza kukimbilia vidole, vigimbi vinauma mpaka kushuka ngazi ni shida. Nivumilie?*

Usivumilie, dada. Pumzika mpaka maumivu yaishe, kisha rudi kwenye utuaji wako wa zamani ukiwa na hatua fupi. Hata anayetangulia kwa mbele, kisigino chake kinashuka kugusa ardhi. Ukikining'iniza muda wote, kigimbi hakipati nafuu.

*Nimenunua raba za mtumba soko la Memorial, soli imelika kisigino upande wa nje. Ina maana natua vibaya?*

Hiyo ni miguu ya aliyezivaa kabla yako, kaka. Na kulika hapo ni kawaida kwa watu wengi. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma: zikisimama wima, kimbilia. Zikilalia upande mmoja, vaa za kutembelea.

*Shikamoo kocha. Lini nitaona mabadiliko? Mbio ziko karibu.*

Marahaba. Mwili unahitaji wiki kadhaa. Fanyia kazi hatua mpya dakika chache tu mwanzoni mwa zoezi, miguu ikiwa haijachoka, halafu endelea kama ulivyozoea. Zikibaki wiki mbili, usibadilishe chochote.

*Mimi nina miaka 61, goti la kulia linavimba kila nikitoka kushuka kutoka juu.*

Shikamoo mzee. Goti linalovimba halisubiri somo. Acha kukimbia kwanza, nenda hospitali likaangaliwe. Wakikuruhusu kurudi, tuanzie barabara tambarare, na mteremko utembee.