Kabla ya Kununua Gari Lililofutwa na Bima Nchini Uingereza

Nchini Uingereza, kampuni ya bima ikiona kwamba gharama ya kulitengeneza gari lililoharibika haina maana ikilinganishwa na thamani yake, humlipa mwenyewe, hulichukua gari, kisha huliuza mnadani jinsi lilivyo. Gari hilo huhesabiwa kuwa limefutwa, ingawa mara nyingi safari yake haijaisha: fundi hulinunua, hulinyoosha, hulipiga rangi, na baada ya miezi michache linatangazwa kwa bei inayomfanya mtu ajiulize kulikoni. Maelezo haya ni ya mtu aliyevutwa na bei hiyo, awe anaishi huko au ana ndugu huko aliyemwagiza amtafutie gari la kusafirisha nyumbani.

Anza na herufi. Tangu Oktoba 2017 magari yaliyofutwa hupangwa katika makundi manne: A, B, S na N. Gari la A husagwa lote, na la B huweza kuvuliwa vipuri lakini bodi lake ni la kusagwa. Ukiona lolote kati ya hayo linauzwa kama gari la kuendesha, ondoka bila kuuliza zaidi. Gari la S liliumia kwenye kiunzi, yaani sehemu zinazobeba uzito na kupokea kishindo cha ajali, na la N halikuumia hapo. Magari yaliyofutwa zamani kidogo hubeba C, ambapo gharama ya matengenezo ilizidi thamani ya gari, au D, ambapo haikuizidi lakini kampuni iliona hasara kuyatengeneza.

Watu wengi huisoma N kama cheti cha usalama, na hapo ndipo wanapoumia. Herufi hiyo inasema tu kwamba kiunzi kilipona. Breki, usukani, nyaya za umeme na mifuko ya hewa vingeweza kuharibika vyote na gari likabaki N. Tena herufi ni uamuzi uliofanywa baada ya ajali, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu mkono wa fundi aliyekuja baadaye. Hakuna ukaguzi maalumu wa serikali unaolithibitisha gari la S au N kabla halijarudi barabarani. Hata ule uliokuwapo hadi Oktoba 2015 ulilenga kuthibitisha kwamba gari ni lile lile, si kwamba limetengenezwa vizuri. Kwa maoni yangu, gari la S lililonyooshwa kwenye benchi ya vipimo na gereji iliyotoa risiti ni afadhali kuliko la N lililofunikwa puti na rangi nyuma ya nyumba ya mtu.

Kuhusu hati, V5C, yaani kitabu cha usajili, huonyesha kundi la gari lililofutwa kama S au C, lakini mwenye gari la N au D huruhusiwa kubaki na kitabu chake cha awali, hivyo usitegemee kitabu peke yake. Lipia uchunguzi wa historia ya gari katika huduma zinazosoma kumbukumbu za kampuni za bima, kisha ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ili uone bure matokeo ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa kila mwaka wa usalama wa gari, ya miaka iliyopita, pamoja na kilomita au maili zilizosomwa kila mara. Kumbuka pia kwamba mkaguzi wa MOT hafumui gari. Anaangalia hali yake ya siku hiyo tu.

Muulize muuzaji picha za gari kabla halijatengenezwa. Swali hili moja linafichua mengi, kwa sababu mtu aliyelinunua mnadani kwa kawaida alianza kwa kuziona picha hizo, na aliyefanya kazi safi hana sababu ya kuzificha. Omba pamoja nazo risiti za vipuri, hasa za mifuko ya hewa na mikanda.

Unapolikagua, nenda mchana, gari likiwa kavu. Linganisha nafasi kati ya boneti na madigadi upande wa kushoto na wa kulia, na utazame kama matairi yamelika upande mmoja. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime, maana isiyowaka kabisa huenda ilikatwa makusudi. Vuta mikanda yote hadi mwisho na usome tarehe iliyo kwenye lebo zake. Inua zulia la buti, mahali pa tairi la akiba, ukitafuta mikunjo ya bati, ulehemu mpya au tope kavu, kwa kuwa gari lililozama majini nalo huweza kufutwa na kurudishwa sokoni. Kama gari ni la S, mlipe mkaguzi wa kujitegemea alipandishe juu na kupima kiunzi. Asiyekubali gari lake lipimwe amekwisha kukujibu.

Kabla ya kulipa, pigia simu kampuni za bima na uwaeleze wazi kundi la gari. Baadhi hukataa, nyingine hupandisha ada, na ukificha wanaweza kukataa madai yako siku ya ajali. Bei nayo ishushwe vya kutosha, kwa sababu wewe pia utakapoliuza utaulizwa maswali haya haya. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya mwaka 2015 ya haki za mnunuzi inakupa siku 30 za kurudisha gari lenye kasoro. Kwa mtu binafsi ulinzi ni mdogo, hivyo maelezo yake yawe ya maandishi.

Anayesafirisha Kenya azingatie kwanza kwamba gari lililozidi miaka 8 halipokewi. Naye anayenunua Nairobi au Mombasa gari lililotoka Uingereza aombe namba yake ya huko, kwa kuwa namba ya nyumbani haibebi historia hiyo, na namba ya zamani humwezesha kuichunguza kabla pesa hazijatoka mkononi.