Krismasi Disney World, Florida: jinsi ya kutoimaliza siku kwenye foleni

Kuanzia Desemba 25 hadi Mwaka Mpya, Walt Disney World hufurika kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka. Kwa hiyo anza na tarehe, michezo baadaye. Kama una uhuru wa kuchagua, nenda nusu ya kwanza ya Desemba: mapambo yanakuwa yameshawekwa tangu Novemba, na shule nyingi bado hazijafungwa.

Katika kipindi hicho, angalia kalenda ya Mickey's Very Merry Christmas Party, sherehe ya usiku yenye tiketi yake ya pekee ndani ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za burudani za Disney World. Siku ya sherehe, asiye na tiketi hiyo hutolewa saa kumi na mbili jioni, ndiyo maana wengi huikwepa. Ikiwa huna haja na fataki, siku hizo ndizo za kuipendelea Magic Kingdom, maana mchana foleni huwa fupi. Mwenye tiketi ya sherehe tu huruhusiwa kuingia kuanzia saa kumi alasiri, kwa hiyo hana sababu ya kulipia na tiketi ya mchana. (Ile theluji inayoanguka usiku wa sherehe Main Street, barabara ya kuingilia Magic Kingdom, ni povu la sabuni. Waambie watoto wasiidake kwa ulimi.)

Waliobanwa na likizo za shule wana kifuta jasho chao. Sherehe hizo huisha siku chache kabla ya Krismasi, na baada ya hapo gwaride la Krismasi huonyeshwa kwa tiketi ya kawaida. Fataki za Mwaka Mpya nazo hurushwa Magic Kingdom tarehe 30 na 31. Chagua 30, maana umati wa 31 ni mkubwa zaidi.

Tiketi hununuliwa mapema kwa tarehe maalumu. Mtoto wa chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu; wa miaka 3 hadi 9 ana bei ya mtoto, na kuanzia 10 ni mtu mzima. Kuweka nafasi ya meza mikahawani hufunguliwa siku 60 kabla, na zile zinazogombewa hazikai. Lightning Lane, yaani njia ya kulipia ili kukwepa foleni ndefu, huanza kuuzwa saa moja asubuhi kwa saa za Florida: siku 7 kabla kwa wanaolala hoteli za Disney, siku 3 kwa wengine. Kosa la kawaida ni kufungua programu ya Disney kwenye simu saa moja kamili ndipo uanze kutafuta nenosiri na kadi ya benki. Ingiza vyote usiku uliotangulia.

Sasa asubuhi, na hapa ndipo siku inaposhinda au kushindwa. Maegesho ya Magic Kingdom hayako langoni. Unaacha gari Transportation and Ticket Center, unakaguliwa mifuko, kisha unapanda feri au monoreli kuvuka ziwa. Anayefika maegesho saa ya kufunguliwa anadhani amewahi, kumbe atakanyaga Main Street wakati foleni zimeshajaa. Fika maegesho dakika 75 kabla ya kufunguliwa. Wageni wa hoteli za Disney huingia dakika 30 kabla ya wengine, na dakika hizo usizipoteze kwa picha za kasri, haliendi kokote. Nenda moja kwa moja kwenye mchezo wa treni wa Seven Dwarfs Mine Train. Kimo kinachotakiwa pale ni sentimita 97. Kwa michezo mingine, Space Mountain ni 112 na TRON ni 122. Mpime mtoto kabla ya safari, la sivyo kilio kitatokea mbele ya mlango baada ya ahadi ya wiki nzima. Wenye mtoto asiyefika kimo waombe Rider Switch: mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya.

Ikifika saa sita mchana, toka. Lala, ogelea (mabwawa ya hoteli za Disney hupashwa moto), kisha rudi saa kumi kwa tiketi ileile.

Joto la Desemba hudanganya. Mchana ni nyuzi 22 au 23, lakini jua huzama kama saa kumi na moja na nusu na usiku huteremka hadi 11 au 12, pengine chini zaidi. Sweta na soksi kavu ziingie kwenye begi asubuhi. Chakula unaruhusiwa kubeba, ila chupa za kioo, pombe na barafu iliyolegea hukataliwa. Gandisha chupa mbili za plastiki za maji uzitumie badala yake. Kigari cha mtoto kisizidi sentimita 79 kwa 132, na vile vya kukokota huzuiwa kabisa.

Jioni moja iwekee EPCOT, bustani nyingine ya Disney World, kwa ajili ya Candlelight Processional: kwaya, okestra, na mtu maarufu anayesimulia kuzaliwa kwa Yesu. Ukumbi uko wazi, kwa hiyo sweta ile ile.

Fataki zikiisha, umati mzima huelekea feri na monoreli kwa wakati mmoja. Usiufuate. Maduka ya Main Street hubaki wazi. Kaeni humo dakika 40, watoto wakiwa na vinywaji, ndipo mtoke.