Namna ya Kuondoa Bwawa ili Samoni Warudi Mtoni

Kabla ya kuleta mashine, pima tope. Ukuta uliosimama mtoni kwa miaka mingi haukuzuia pekee samaki kama samoni, wanaotoka baharini kupanda mto wakatage mayai, bali ulizuia pia mchanga na changarawe, na shehena hiyo ndiyo itakayoamua mwendo wa kazi nzima. Katika mto Elwha, jimboni Washington nchini Marekani, mabwawa mawili yalikuwa yamekusanya takriban mita za ujazo milioni 21 za mashapo, yaani tope, mchanga na changarawe zilizotuama. Chukua sampuli sehemu mbalimbali za bwawa, uzipeleke maabara zichunguzwe kama zina sumu, maana tope lenye zebaki halipaswi kuachiwa mto.

Wenyeji wa mto washirikishwe tangu siku ya kwanza. Mabwawa manne ya mto Klamath, mpakani mwa Oregon na California, yasingeondolewa bila makabila kama Yurok na Karuk, ambayo yalishikilia dai hilo kwa miaka ishirini baada ya samoni makumi ya maelfu kufa mtoni mwaka 2002. Wanaokunywa maji ya mto huo nao wana haki yao: mji wa Port Angeles ulijengewa mitambo ya kusafisha maji kabla Elwha haijaguswa.

Kushusha maji ndiko kunakohitaji busara zaidi. Mabwawa ya Elwha yalibomolewa kidogo kidogo, kuanzia Septemba 2011 hadi Agosti 2014, na kazi ilisimamishwa katika vipindi ambavyo samaki walikuwa wakipanda mto. Klamath maji yalifunguliwa Januari 2024, wakati ambapo samoni ni wachache katika mkondo mkuu, ili tope laini lishuke katika kipupwe kimoja. Kwa maoni yangu, tope likiwa laini na salama, njia hii ya pili ni bora, kwa kuwa samoni jike hulala ubavu na kuchimba kiota kwa mapigo ya mkia kwenye changarawe, na tope linaloendelea kushuka mwaka baada ya mwaka huziba nafasi kati ya kokoto, mayai yakakosa hewa.

Mbegu za mimea ya asili zikusanywe miaka kadhaa kabla, kwa sababu inafaa zimwagwe mara tu maji yanapopungua, tope lingali bichi. Likishakauka hupasuka na kuwa gumu, na magugu huwahi kulitawala.

Kisha hesabu samaki kila msimu, na ufunge uvuvi bila kuona haya. Klamath, samoni wa aina ya Chinook walionekana Oregon Oktoba 2024, kwa mara ya kwanza tangu 1912. Elwha uvuvi ulisitishwa mwaka 2011, na kabila la Lower Elwha Klallam likasubiri hadi 2023 ndipo likavua tena samoni wa aina ya coho, tena wachache tu.