Habari mbaya itoke kwanza, majedwali baadaye

Jumatatu moja mwenzetu wa upande wa maji aliniletea taarifa kutoka kambi ya watu waliokimbia makwao, pembeni ya Goma, mashariki mwa Kongo: klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, imebaki ya siku mbili. Niliiingiza kwenye ripoti, jedwali la tatu. Kisha nikaanza kunyoosha mistari, kubadilisha rangi, kutafuta maneno mazuri ya Kifaransa. Umeme ukakatika, nikaendelea kwa simu. Ripoti niliituma Alhamisi. Kumbe tangu Jumatano asubuhi akina mama walikuwa wanachota maji ya Ziwa Kivu yasiyo na dawa, na sisi hapa tunakijua kipindupindu.

Tangu hapo nafanya kazi hivi.

Asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, chukua kalamu ugawe kazi za siku mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale ambayo ukikosea mtu anaumia: klorini, orodha ya majina ya mgao, pesa, siri za wanawake waliobakwa. Hapo kuwa mkali, tena mwombe mtu wa pili ahakiki. Pale bombani mimi natazama kichupa mwenyewe: kidonge cha DPD, kile cha kupimia klorini, kinayeyuka, maji yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha na kipimo, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Yakibaki meupe, hakuna kuondoka.

Fungu la pili ni sura ya herufi, picha, sentensi tamu. Lipe saa moja, weka kengele kwenye simu. Ikilia, tuma.

Habari mbaya usiisubirishe ripoti. Andika mistari miwili WhatsApp: nini kinaisha, wapi, lini. Idadi kamili itafuata jioni.

Viwango vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, vinasema angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na bomba moja kwa watu 250 wasizidi. Zamani nilikuwa sianzi kitu mpaka hesabu hizo zitimie. Lakini Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wakakimbilia mji wa Sake na watoto mgongoni, lita 5 za siku ileile zilikuwa na maana kuliko 15 za wiki ijayo. Anza na ulizo nazo, andika wazi kwamba hazijatosha, endelea kuongeza.

Mfadhili naye mwulize anasoma nini. Mimi niliuliza, akasema ukurasa wa kwanza. Nilikuwa ninakesha kwa ajili ya kurasa 20.

Lililo gumu kuliko yote ni kuzuia mkono wako kwenye kazi ya vijana. Kijana ukimrudishia karatasi imejaa wino mwekundu kwa sababu ya koma, kesho atakaa na habari mpaka aipambe. Sahihisha idadi na majina tu, mengine mwachie.

Juzi, saa moja kasoro asubuhi, yule wa maji aliniandikia: "Mama, klolini inaisha kesho, tanki la pili." Nikamjibu: "Asante sana. Gari linatoka sasa hivi."