Jamvi Linamwagwa Jumamosi, Nawe ni Msabato

Mdogo wangu, fomeni ametangaza zege la jamvi, yaani sakafu, Jumamosi na usingizi umekuruka. Mimi ni fundi nondo, saiti za Dodoma nimezizunguka kuanzia Nzuguni hadi Mtumba, na kibarua nimekikosa mara mbili kwa ajili ya Sabato.

Kwanza jichunguze unateswa kwa lipi. Petro, waraka wa kwanza sura ya 4, anasema mtu asiteswe kama mwizi, ila akiteswa kwa Ukristo wake asione haya. Ukichelewa kazini kila Jumatatu, halafu Jumamosi ukaitaja Sabato, hapo unaandamwa kwa uvivu.

Sema mapema, siku ile ile ya kuandikishwa. Mwaka wangu wa kwanza niliogopa. Ilipofika Jumamosi ya zege nikatuma ujumbe kwamba tumbo linaniuma. Saa nne fomeni akapita Chang'ombe na bodaboda kufuata waya wa kufungia, akanikuta nje ya kanisa nimevaa tai, kitabu cha nyimbo kwapani. Wiki nzima saiti waliniita "mgonjwa wa kwaya". Jina hilo liliniuma kuliko "Msabato Masalia", la kundi lililojitenga na kanisa, wanaloniita hadi leo, maana lile nililitafuta mwenyewe.

Ukikataa, peleka na badala. Danieli hakususa chakula cha mfalme tu, aliomba ajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Mimi husema: "Mzee, Ijumaa nafunga nondo mpaka jua likikaribia kuzama, Jumapili nipo tangu alfajiri. Jumamosi sitakuja." Yafanyie mazoezi kwa sauti, mkeo awe fomeni. Wangu alinifokea kuliko fomeni mwenyewe. Magoti yatatetemeka, yaache. Mdomo utakuwa umeshazoea njia.

Na akigoma? Wale vijana watatu, wenzake Danieli, mbele ya tanuru la moto walimwambia mfalme Mungu wao aweza kuwaokoa, wakaongeza: "Bali kama si hivyo." Hapo ndipo pagumu, hasa ukiwa unadaiwa kodi ya chumba. Nilivyoona mimi, anayempindisha mtu ni njaa, fomeni anaisubiri tu ifanye kazi yake. Kwa hiyo msimu wa mavuno, bei soko la nafaka la Kibaigwa ikiwa chini, nunua gunia, hata kwa kuchangiana na jirani. Kwangu lipo moja la mtama, halifunguliwi ila kibarua kikikatika. Mke wangu analiita gunia la Sabato. Nikikumbuka limesimama pale kona ya jikoni, sauti yangu mbele ya fomeni hutulia. Kuna mzee wa kanisa aliniambia hiyo ni imani haba. Nikamjibu hata mana, chakula cha Waisraeli jangwani, iliokotwa maradufu siku ya sita kwa ajili ya Sabato.

Haki yako pia ijue. Ipo ibara ya 19 ya Katiba inayolinda uhuru wa dini, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa dini yake. Paulo alipofungwa kamba apigwe mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga Mrumi kama yeye bila kuhukumiwa. Uliza nawe, kwa adabu, shahidi akiwepo.

Ukifukuzwa, dai hela ya siku ulizofanya, aga vizuri. Ukibakizwa, Jumapili fika kabla mlinzi hajafungua geti. Msalimie fomeni wewe kwanza, shika kazi, na habari za jana usizianzishe wewe.