Kulinda Kompyuta za Nyumbani na Ofisini Mtwara
Katika ofisi za vyama vya msingi vya korosho mkoani Mtwara, kama ilivyo majumbani, virusi huweza kuingia kwa flashi iliyotoka steshenari sawa na kwa intaneti. Kabla ya kununua programu ya ulinzi, hakikisha kwamba Microsoft Defender, ambayo huja ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo, imewashwa. Usiweke programu mbili za namna hiyo pamoja, kwa kuwa hugongana na kuilemea mashine. Kagua kila flashi kabla ya kuifungua. Sasisha mfumo bila kuchelewa, maana WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi iliyofunga mafaili na kudai fedha ili kuyafungua, ilienea kupitia kompyuta zisizosasishwa, ilhali marekebisho yalikuwa yametolewa tangu Machi. Hesabu za wakulima, nasisitiza sana, ziwe na nakala kwenye diski ya nje inayochomolewa kila kazi inapokwisha.